Namba Mbili Ubavuni mwa Kapasita

Kompyuta nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Mhunze, mwenyewe akiapa kwamba zimekufa, hazijafa. Fungua kasha, puliza vumbi, mulika tochi ya simu pembeni ya prosesa. Utaona safu ya vikopo vidogo vya aluminiamu. Kikopo kizima kina kichwa bapa. Kibovu kichwa kimevimba, alama ya K au ya msalaba iliyochorwa juu yake imeanza kuachana, na pengine ute wa kahawia umechuruzika na kugandia hapo. Hizo ndizo kapasita. Mafundi wa wilaya yetu ya Kishapu wanazijua, na wengi wanaweza kuzing'oa na kuweka nyingine. Ninachotaka kueleza ni kwa nini bodi nyingi zinazotengenezwa hivyo hurudi mwaka haujaisha zikiwa zimevimba tena, na kwa nini si lazima iwe hivyo.

Kazi ya risasi na pasi nilifundishwa na mzee aliyejifunzia umeme Mwadui, kwenye ule mgodi wa almasi ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940. Alikuwa fundi wa redio na amplifaya, mtu wa mkono mtulivu. Alinifundisha kusoma ubavu wa kapasita: namba ya mikrofaradi na namba ya volti. Ukikuta 1000 kwa 25, tafuta 1000 kwa 25 nyingine, na kama hakuna, panda volti, usishuke. Kwa redio somo hilo linatosha mpaka leo, kwa sababu kapasita ya redio inasawazisha umeme unaopanda na kushuka taratibu. Mazabodi ya kompyuta ni jambo jingine.

Pawasapulai inapeleka kwenye bodi volti 12, au volti 5 kwenye bodi za zamani zaidi. Prosesa ya Pentium 4 haitaki volti 12. Inataka volti moja na nusu hivi, lakini kwa ampea 40 na zaidi. Kuna transista zinazoukata na kuuachia mkondo mara laki kadhaa kwa sekunde, kuna koili, kisha ndipo zinakuja kapasita. Prosesa nayo hailingani mahitaji: imetulia, mara karani amefungua faili kubwa, ghafla inadai mkondo mwingi kabla transista hazijawahi kuitikia. Pengo hilo linajazwa na kapasita peke yake.

Wafugaji wa huku wananielewa nikiwaambia ni lambo. Mvua inakuja kwa vishindo, ng'ombe wanakunywa kila siku, lambo liko katikati. Mikrofaradi ni ukubwa wa lambo. Volti ni urefu wa tuta, maji yasilivuke. Ila kuna jambo la tatu ambalo halikuandikwa ubavuni, nalo ni upana wa njia ya kushukia majini. Lambo likiwa kubwa namna gani, kama njia yake inapitisha ng'ombe mmoja mmoja, kundi zima litahangaika kwa kiu huku maji likiyaona. Jambo hilo la tatu ni ukinzani wa ndani wa kapasita. Kwenye vipimo huandikwa ESR, na kwa kapasita za pembeni ya prosesa linatakiwa liwe dogo sana, milioomu chache tu.

Hapo ndipo wenzangu wengi wanapopotezwa na somo la redio. Bodi inataka 1500 kwa volti 6.3. Fundi anakwenda duka la spea za redio na TV, anapata 1500 kwa volti 10, anafurahi kwamba hata volti imezidi. Anaichomea, mashine inawaka, mteja analipa. Lakini ile aliyoweka ni ya matumizi ya kawaida, ukinzani wake wa ndani ni mara kadhaa ya ule unaotakiwa, na mkondo ukipita kwenye ukinzani hutoa joto. Kapasita inajipika yenyewe. Kabla ya mavuno mengine imevimba, na mwenye mashine anaambiwa bodi imechoka, nunua nyingine. Bodi haikuchoka. Imelishwa kipuri kisicho chake, na mtu ametolewa fedha mara mbili. Jambo hili linaniuma, maana wateja wetu si matajiri: ni mama mwenye steshenari, ni chama cha ushirika cha wakulima wa pamba, ni shule ya kata.

Nikisema kompyuta ya zamani, nieleweke. Serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mpango wa kuziweka hesabu za Serikali kwenye mashine kuleta hasara. Zuio lilikuja kulegezwa baadaye. Kwa hiyo mashine za miaka ya sabini ambazo watu wa Ulaya na Marekani wanazikusanya na kuzifufua kwa mapenzi, kwetu Usukumani hazikufika. Za zamani za kwetu ni Pentium III na Pentium 4, nyingi zikiwa mitumba iliyoshushwa kwenye makontena baada ya ofisi za ng'ambo kuzichoka.

Na mashine hizo zimetoka kwenye miaka mibaya kuliko yote kwa kapasita. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya tisini hadi kama mwaka 2007, kapasita za aluminiamu zilivimba na kupasuka duniani kote kwa wingi usio wa kawaida. Ndani ya kikopo kuna karatasi ya aluminiamu iliyofunikwa utando mwembamba wa oksidi, na karatasi nyingine iliyoloweshwa maji ya kemikali. Ili kushusha ESR, viwanda vilianza kutumia kemikali yenye maji mengi. Maji yakikutana na aluminiamu huila na kuzalisha gesi ya haidrojeni, isipokuwa yamechanganywa na viungo vya kuzuia. Kapasita nyingi, hasa zilizotengenezwa Taiwan, zilikosa viungo hivyo au zilikuwa navyo pungufu. Gesi inajaa, kichwa kinavimba, alama inafumuka. Ilisemwa sana kwamba kanuni ya mchanganyiko iliibwa kutoka kiwanda cha Japani ikiwa nusu, ila hilo halikuthibitishwa. Yaliyothibitika ni madhara: mwaka 2005 Dell ilitangaza gharama ya takriban dola milioni 300 kwa ajili ya kutengeneza kompyuta zake za OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu. Nazo zile OptiPlex hazikuwa na kapasita za Taiwan tu. Nyingi zilifungwa Nichicon za Japani, za aina ya HM na HN za miaka ya 2001 hadi 2004, nazo zilivimba vilevile.

Ndiyo maana siridhiki fundi akiniambia, "Nimeweka Mjapani." Jina la kiwanda halitoshi. Nippon Chemi-Con wanaheshimika, lakini aina yao ya KZG ina sifa mbaya kwa kila aliyewahi kuing'oa. Soma herufi za aina. Rubycon MBZ na MCZ ni sawa, Panasonic FM na FR ni sawa kwa sehemu nyingi za bodi. Ukikuta kapasita haina herufi za aina, ina mikrofaradi, volti na nyuzi 85, hiyo ni ya redio, iache.

Joto lina hesabu yake, na kila anayefanya kazi kwenye vumbi la Kishapu anapaswa kuijua. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 haifi baada ya saa 2,000, kwa sababu haikai kwenye nyuzi 105. Kila joto likishuka nyuzi 10, umri wake unakuwa karibu mara mbili. Kwa nyuzi 65 unafika saa 32,000. Kwa mashine inayowashwa saa nane kwa siku, hizo ni siku 4,000, zaidi ya miaka kumi. Sasa acha vumbi lizibe feni, joto la hapo lifike nyuzi 85: umebaki na saa 8,000, siku 1,000. Brashi ya rangi ya bei ndogo, ikitumika kila baada ya miezi michache, ndiyo tofauti ya miaka yote hiyo.

Sijaona mahali palipolionyesha hilo wazi kama kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba nilichoitwa msimu wa ununuzi ukikaribia. Kompyuta ya mizani ya magari ilikuwa inajizima katikati ya kupima. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta mpya mbili, lakini hazikuwa na faida kwa mizani: programu ya kupimia ilikuwa ya DOS, inasoma uzito kupitia soketi ya pini tisa nyuma ya kasha, na hata adapta ya yuesibii waliyonunua programu hiyo haikuitambua. Aliyeiandika hakuwa akipatikana tena. Kubadilisha mfumo wote kulimaanisha kuleta watu na kichwa kipya cha mizani, na magari ya pamba hayangoji.

Nilipoifungua, kati ya feni na bati la kupoozea prosesa kulikuwa na nyuzi za pamba zimesokotana na vumbi jeusi la mbuga, zimeshikana kiasi kwamba nilizitoa kwa kibano zikiwa kipande kimoja chenye umbo la feni. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Pembeni yake kapasita tisa, tano zimevimba.

"Fundi, badilisha hizo tano tu, magari yanakuja Jumatatu," karani wa mizani aliniambia.

"Hizi nne zimekaa kwenye joto lilelile, kaka, na zimetoka kiwanda kimoja. Nikiziacha, utanipigia simu katikati ya msimu."

Nilibadilisha zote tisa. Hiyo ni kanuni nisiyoivunja: kwenye mzunguko mmoja zinatoka zote, zilizovimba na zisizovimba, kwa sababu kapasita inaweza kukauka ndani na kichwa kikabaki bapa. Kabla sijaondoka nilinakili hadidiski yao yote kwenye nyingine, nikawafungia kwenye bahasha ya nailoni. Bodi nimewapa miaka. Hadidiski ya umri ule siwezi kuidhamini.

Hizo zilizokauka bila kuvimba ndizo zinazowasumbua vijana, maana macho hayazioni. Mama mmoja mwenye steshenari alikuja mwezi wa Julai, asubuhi yenye baridi.

"Mwangaluka, fundi. Mashine yangu haitaki kuamka asubuhi. Naiwasha, feni inazunguka, kioo cheusi. Nazima, nawasha, nazima, nawasha. Jua likipanda inakubali yenyewe."

"Mchana haina shida kabisa, mayu?"

"Kabisa. Inachapa mpaka jioni."

Maneno yake yalikuwa yametaja ugonjwa. Kapasita iliyokauka ESR yake hupanda sana kwenye baridi, na hushuka ikipata moto. Mashine ilikuwa inahitaji kuwashwa mara nyingi ili ijipashe. Nilimwomba jirani yangu wa saluni draya ya nywele, nikazipuliza kapasita za pembeni ya prosesa kwa joto la wastani kwa muda mfupi, nikawasha: ikaamka mara moja. Niliiacha ipoe, ikagoma. Nikapuliza tena, lakini safari hii upande wa slot za ramu tu, nikiwa nimekinga upande wa prosesa kwa kadibodi: ikagoma. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kapasita za upande wa prosesa. Vipimo vya kifaa havikufanya zaidi ya kuthibitisha. Fundi asiye na fedha ya kununua kipima ESR aanze na draya.

Kipima chenyewe siku hizi kinapatikana: kidude kidogo chenye kioo na soketi, unachomeka kapasita, kinakuandikia mikrofaradi na ESR. Kinasaidia zaidi sokoni kuliko mezani. Kuna kapasita feki, zilizovuliwa nailoni ya zamani na kuvalishwa nyingine yenye jina kubwa, na nyingine ukiipasua unakuta ndani ya kikopo kikubwa kumefichwa kidogo. Mzigo ukija na basi kutoka Dar es Salaam au Mwanza, sichomei hata moja kabla sijaipima.

Kazi ya kung'oa inataka subira, na ndipo bodi nyingi zinapouawa. Mazabodi ina matabaka manne ya shaba au zaidi, na mguu wa hasi wa kapasita umeungwa kwenye tabaka pana linalonyonya joto lote la pasi. Kwa pasi ya wati 30 utakaa hapo mpaka uunguze bodi risasi ikiwa haijayeyuka. Tumia ya wati 60, weka flaksi, ongeza risasi mpya juu ya ile ya kiwandani ili iyeyuke kwa urahisi, kisha yumbisha kapasita mguu mmoja baada ya mwingine, ukiinua kidogokidogo. Usivute. Ukuta wa lile tundu umepakwa shaba inayounganisha matabaka ya ndani, na ukiivuta shaba hiyo, hakuna mtu hapa Kishapu wala Mwanza atakayekurudishia. Kwa sababu hiyohiyo usitoboe tundu kwa drili. Mimi natumia sindano ya bomba la dawa: chuma chake hakishikwi na risasi, unaipitisha tundu likiwa bado la moto, inazunguka, tundu linabaki safi.

Kabla ya kung'oa, piga picha. Mstari ubavuni mwa kapasita ni hasi sikuzote. Lakini rangi nyeupe iliyochapwa kwenye bodi haisemi kitu kimoja kwa kila kiwanda: wengi wanapaka upande wa hasi, wengine wanapaka wa chanya. Ukiifuata rangi kwa mazoea, siku moja utaziweka zote kinyume, na kapasita iliyowekwa kinyume hulipuka. Pima kwa mita upande uliounganishwa na bati la kasha. Huo ndio hasi.

Kisha kuna pawasapulai, ambayo karibu kila mtu anaisahau. Zile za bei nafuu za miaka ile zina tawi dogo la volti 5 ambalo halizimi hata kompyuta ikizimwa, maadamu imechomekwa ukutani. Ndani ya tawi hilo kuna kapasita ndogo, ya mikrofaradi 22 au 47 hivi, inayokaa mahali pa moto. Ikikauka, ile volti 5 inaanza kupanda, na hakuna kitu kinachoizuia kufika hata mara mbili yake. Inaiunguza bodi usiku watu wamelala. Fundi anabadilisha kapasita za bodi kwa ustadi, anaifunga kwenye pawasapulai ileile, na mwezi unaofuata anashangaa. Mimi sirudishi bodi kwa mteja kabla sijaifungua pawasapulai yake. Na ninayemfundisha namwambia jambo moja kwa ukali: zile kapasita mbili kubwa za ndani zinahifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Zipunguzwe chaji kwa balbu au rezista, zipimwe, ndipo mkono uingie.

Spea sahihi kwetu ni shida, na hapa nina habari njema. Kuanzia kama mwaka 2007 viwanda vilihamia kwenye kapasita ngumu, ambazo ndani hazina majimaji. Utazitambua: hazina nailoni, hazina alama ya K kichwani, zimeandikwa kwa rangi juu ya bati tupu. ESR yake ni ndogo kuliko ya zile za maji, hazikauki, na zinadumu kuliko bodi zilizozibeba. Kwa hiyo bodi ya mwaka 2009 iliyokufa kwa radi au kwa soketi iliyovunjika pini ni hazina. Kwenye pembe ya prosesa, pale penye 1500 ya maji, kapasita ngumu ya 820 inatosha, kwa kuwa njia yake ni pana. Ila soma volti. Nyingi ya hizo ni za volti 2.5 au 4. Zinafaa upande wa prosesa penye volti moja na nusu, lakini ukiziweka upande wa volti 5 au 12 zitapasuka siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba bodi hizo zinakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, zinapimwa kwa kilo na kuchomwa ili kupata shaba. Na kwa kuwa tuko kwenye ukanda wa dhahabu, vijana kutoka Geita na Kahama wananiuliza kama kweli kuna dhahabu kwenye prosesa. Ipo, utando mwembamba sana juu ya pini. Kwa kuitafuta kwa tindikali uani kwako, kwenye moshi ule karibu na watoto, utapoteza kilicho ghali zaidi. Kapasita ngumu kumi za bodi moja zinafufua mashine ya shule.

Si kila bodi naipokea. Ikiwa transista zimeunguza shimo kwenye bodi, au tundu limeshang'olewa shaba na aliyenitangulia, namwonyesha mwenyewe kwa tochi, namrudishia bila kumtoza. Lakini ikiwa ni vichwa vilivyovimba tu, iacheni ije. Na mafundi wenzangu wa Maganzo, Shinyanga mjini, Kahama na Geita, mizoga yenye kapasita ngumu msiipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu. Ifungeni kwenye boksi, mkabidhini kondakta wa basi la Mhunze. Nauli ya mzigo nailipa mimi nikipokea, na mkihitaji kapasita za 820 kwa volti 2.5, zilizopimwa, ninazo.